Fairlady Z Z34 kwenye foleni za Dar: gari tamu, ila nyuma huoni kitu

Niseme mapema kabisa, gari siuzi na sijaichoka. Ila kila mtu anayenifuata kuuliza habari za hii Z anaanza na mafuta inakula kiasi gani, akitoka hapo spea zinapatikana wapi, akimaliza hapo anataka nipige resi asikie mlio. Hajatokea hata mmoja akauliza ukiwa ndani unaona nini, na kwa mtu anayetaka kuitumia mjini kila siku hilo ndo swali la kwanza kabla hata ya mafuta.

Kwa wasioijua, hii ni Nissan Fairlady Z ya mwili wa Z34, nchi nyingine inaitwa 370Z, ilitoka Japani Disemba 2008, injini VQ37VHR silinda sita lita 3.7, kwa makaratasi ya Kijapani ni farasi 336. Siti mbili tu, mlango wa nyuma unafunguka pamoja na kioo chake. Wengi wanaoitamani wametoka kwenye Mark X au Crown Athlete, na mshtuko wa kwanza hauko kwenye mwendo, uko pale unapoiwasha kwenye paking unageuka nyuma kutaka kutoka na unakuta kuna kiegemeo cha siti, kuna bati, kuna bati tena, na kakioo kembamba ka nyuma kanakoonyesha anga na nusu ya gari lililopaki nyuma yako. Basi. Ndo mwonekano wote huo.

Wala sio bahati mbaya, ndo ilivyochorwa. Waliitoa kwenye Z33, Z iliyoitangulia, wakaikata urefu kati ya tairi la mbele na la nyuma kutoka milimita 2650 mpaka 2550, sentimita kumi nzima zimeondoka, gari ikawa inageuka vizuri na uzito ukapungua, ila nguzo ya nyuma ikavimba na kile kidirisha cha pembeni nyuma ya mlango kikabaki kama ncha ya kisu. Paa linashuka kuelekea nyuma, mstari wa chini wa dirisha unapanda juu, vikikutana huko mwisho wewe unabaki na upenyo. Na sio Z peke yake, Camaro ya Chevrolet, ile ya modeli ya 2010, ndo mfano ambao dunia nzima inautukana kwa hili, hata sedani za kawaida nguzo zimenenepa kwa sababu paa linatakiwa libebe gari likipinduka na humo ndani kuna eabegi. Marekani mwaka 2009 walipandisha sharti la paa kutoka kuhimili mara moja na nusu ya uzito wa gari mpaka mara tatu. Kwahiyo unene ule una kazi yake, siwezi kulaumu sana. Ila kwenye Z umejumlishwa na urembo.

Sasa tatizo lenyewe liko wapi. Watu wanadhani ni nyuma kabisa, mimi nasema nyuma kabisa ni mdomo tu, pale kamera inakumalizia. Kasheshe iko nyuma kushoto. Sisi tunakaa kulia, kwahiyo bega la kushoto ndo liko mbali na macho yako, ukigeuza shingo kuangalia huko unaona kiti cha abiria na ile nguzo, mwisho. Na kushoto ndiko boda zinakopita. Mtu yupo kwenye foleni ya Mwenge, anataka kuhama njia kwenda kushoto aingie sheli, indiketa kawasha, kioo kaangalia hamna kitu, anaanza kukata tu anasikia mkono unapigwa kwenye bati, boda huyo yuko sambamba na tairi la nyuma na kabeba abiria na gunia. Bajaji angalau ina paa refu utaona kitu kinapita juu ya dirisha, boda na dereva wake wanaenea wote nyuma ya nguzo bila kubaki hata kiwiko.

Kulia nako kuna sehemu yake. Pale Ubungo kwenye Daraja la Kijazi, au popote unapotoka njia ya pembeni unaingia barabara kubwa kwa mshazari, gari zinakuja kutoka nyuma kulia kwako, na kwa ule mshazari kioo cha pembeni kinakuonyesha ukingo wa barabara badala ya gari zinazokuja. Unageuka kuangalia kwa bega, unakutana na nguzo. Dawa yake niliyoizoea ni kutoingia kwa mshazari, nanyoosha gari kwanza iwe sambamba na barabara nikiwa bado kwenye ile njia ya kuongezea mwendo, hapo kioo kinapata kuona vizuri, ndo naingia. Mtu wa nyuma atapiga honi, apige tu.

Haya twende kwenye vitu nilivyojaribu, maana hapa ndo pesa zinapotea.

Cha kwanza ni bure na ndo kimefanya kazi kuliko vyote. Vioo vya pembeni. Karibu kila dereva wa Dar, na walimu wa driving wanafundisha hivyo hivyo, anaweka kioo cha pembeni aone ubavu wa gari lake, robo nzima ya kioo ni mlango wako mwenyewe, sijui unaogopa utaibiwa. Kuna injinia wa Marekani anaitwa George Platzer aliandika hesabu za hiki kitu mwaka 1995, na njia yake ni hii: gari ikiwa imesimama lalia dirisha la kulia mpaka kichwa kinakaribia kugusa kioo, halafu fungua kioo cha pembeni cha kulia kiende nje mpaka ubavu wa gari uonekane kidogo sana pembeni. Kisha egemea katikati ya gari, kichwa kati ya siti mbili, fanya vilevile kwa kioo cha kushoto. Ukirudi kukaa kawaida hutoona ubavu wako kabisa na siku za mwanzo utajiona umepotea, unahisi vioo vimeharibika. Vumilia. Baada ya hapo gari linalokuovateki linatoka kwenye kioo cha kati linaingia kwenye kioo cha pembeni na kabla halijatoka humo ushaliona kwa jicho dirishani.

Ila kwenye Z kuna kasoro ambayo hiyo njia haisemi. Inategemea kioo cha kati kikuonyeshe nyuma yote, na sisi cha kati kinaonyesha upenyo tu. Ukifungua vioo vya pembeni mpaka mwisho kama walivyoandika, unabakiwa na vipande viwili vya kiza nyuma kulia na nyuma kushoto ambavyo hakuna kioo kinachovifikia. Kwahiyo mimi cha kulia nimekifungua kama maelekezo yanavyosema, cha kushoto nimekifungua kidogo pungufu, halafu lile pengo nikalimalizia na kitu cha pili.

Cha pili ni vile vioo vya duara vya kubandika, vilivyovimba. Kariakoo vinauzwa na wamachinga pembeni ya barabara, bei ya chipsi mayai, na watu wa magari ya kifahari wanavidharau wanaona vinaharibu sura. Haribu sura bwana, bora sura kuliko boda kwenye fenda. Cha kuangalia unaponunua ni viwili. Uchukue cha kioo, sio cha plastiki, plastiki inafifia na jua la huku. Na uchukue kisicho na fremu nene inayokula nafasi. Kibandike pembe ya juu kwa nje, sio chini, kwa sababu kwenye gari fupi kama hili boda na bajaji zinatokea usawa wa juu wa kioo na ukiweka chini utakuwa unaangalia lami. Safisha kwa spiriti kwanza, acha gari kwenye kivuli usiku kucha, vinginevyo ukioshea gari kwa presha kinakwenda na maji. Umbali humo ndani hausomeki kabisa, kila kitu kinaonekana kiko Kibaha, kwahiyo kazi yake ni moja: kuna kitu au hamna. Ukitaka kujua kiko mbali kiasi gani rudi kwenye kioo kikubwa.

Kwa wale wenye Prado na Harrier za kutoka Japani mnajua kale kakioo kadogo kwenye fenda ya kushoto, ambako wengi mnakang'oa. Msikang'oe. Kapo kwa ajili ya mtoto aliyesimama karibu na tairi la mbele kushoto. Z hana kwa sababu boneti iko chini, na hapo lazima niisifu gari, mbele iko vizuri kuliko watu wanavyodhani. Zile fenda zilizotuna unaziona ukiwa umekaa, unajua tairi liko wapi, kona inakaa unapotaka. Pandisha siti kidogo tu na simamisha mgongo, acha ule mkao wa kulala kama uko ufukweni, unapata mwonekano mwingine kabisa. Usukani wa Z haurefuki kuja kwako, unapanda na kushuka tu pamoja na saa zake za mbele, kwahiyo mkao mzuri unautengeneza na siti.

Kioo kipana cha ndani kile cha kupachika juu ya cha kawaida, Wajapani wanakipenda sana, Napolex Broadway ndo maarufu, kuna cha bapa na cha kubinuka. Cha bapa kwenye Z ni hasara tupu, kinakuonyesha nguzo ya kushoto na nguzo ya kulia kwa upana zaidi. Cha kubinuka ndo kina maana, kwa sababu kinaleta na dirisha la abiria ndani, boda ikiwa usawa wa mlango wa kushoto unaiona bila kugeuza shingo. Gharama yake iko usiku. Cha asili kina namna yake ya kupunguza mwanga wa nyuma, ukikifunika umeipoteza, na kwa hizi taa nyeupe watu wanazofunga siku hizi utaendesha umekunja sura kutoka Posta mpaka Mbezi. Halafu kinagongana na kile kibao cha kuzuia jua. Mimi nimekiacha, nakivumilia, ila dada yangu akiendesha kitu cha kwanza anakivua.

Kamera ya rivasi. Hii wala usifikirie, weka. Marekani tangu Mei 2018 gari mpya ndogo haitoki kiwandani bila kamera, na wala sio anasa. Z nyingi za Japani zilizokuja na navigesheni zina kamera tayari, shida inaanza unapotoa ile redio ya Kijapani unaweka ya Android, kamera ya zamani inagoma kwa sababu inahitaji kiunganishi chake na umeme wake, fundi anakwambia imekufa nunua mpya. Muulize kwanza. Kwangu fundi alifunga mpya, akachukua umeme wa taa ya rivasi sawasawa, ila picha ikawa inageuza, cha kushoto kinaonekana kulia, akasema ndivyo zilivyo utazoea. Hapana, huzoei hiyo, siku utakayosahau utaligonga geti la mtu. Kamera nyingi za bei nafuu zina vijiwaya viwili vidogo vya kitanzi, ukikata kimoja picha inageuka, ukikata kingine mistari inatoweka. Akate yeye mwenyewe mbele yako kabla hujalipa. Na mistari ile ya kijani na nyekundu ipime kwa kuweka ndoo nyuma ya gari, maana bampa la Z limechomoza na mstari mwekundu wa kiwandani kwao China haujui hilo.

Mvua ikinyesha lenzi inajaa tope, hapo unarudi kwa shingo yako, weka kitambaa mlangoni.

Kioo cha kidijitali, kile ambacho kioo cha kati ni skrini na kamera iko nyuma. Nissan wenyewe walikuwa wa mwanzomwanzo kuonyesha teknolojia hii mwaka 2014, na kwa akili ya kawaida Z ndo gari inayokihitaji kuliko zote, unairuka nguzo, unakiruka kioo chembamba, unaona barabara nzima. Nilikitamani sana. Mchana ni kitu kizuri kweli, siongopi. Lakini yapo mambo hawakwambii dukani. Jicho linaloangalia mita hamsini mbele likihamia kwenye skrini iliyo karibu linatakiwa lijirekebishe upya, kwenye kioo cha kawaida halirekebishi kwa sababu taswira ya kioo iko mbali vilevile. Ukiwa kijana husikii, ukiwa umeshaanza kusogeza simu mbali kusoma meseji utaona kiwingu kila unapokitazama. Pili, nyingi kamera yake inabandikwa ndani kwenye kioo cha nyuma, na kioo cha Z kimelala sana, jua la saa kumi linachora sakafu ya buti kwenye kioo na kamera inarekodi hilo. Ukiweka nje kwenye namba, tope. Ukinunua, nunua ambacho ukizima skrini kinabaki kioo cha kawaida kinachoonyesha kweli, sio kile cheusi.

Kifaa cha kupiga mlio kitu kikiwa pembeni nyuma usipopaona, yaani kwenye blaindispoti, kile chenye sensa mbili kwenye bampa na taa ndogo za kubandika kwenye nguzo za mbele. Volvo walianza na ya kwao mwaka 2004 ikaitwa BLIS, ile ilikuwa inatumia kamera kwenye vioo vya pembeni. Hizi za kufunga mtaani ziko za aina mbili. Za sauti, zile zinazofanana na sensa za paking zenye vitundu vinavyoonekana kwenye bampa, hizo zinafika karibu sana, gari inakuwa ishakufikia ndo inalia, usinunue. Za rada zinakaa nyuma ya bampa la plastiki bila kutoboa na zinafika mbali. Kwenye barabara ya Bagamoyo usiku ukiwa na mwendo, au Chalinze unapovukana na malori, rada ni rafiki. Kwenye foleni ya Buguruni ni kichaa. Boda haziishi, kwahiyo taa haizimi na mlio haunyamazi, na kitu kinacholia muda wote ni sawa na kisicholia kabisa, ubongo unakifuta. Yangu nimekata waya wa mlio nimebakiza taa tu. Kwa bei yake ningekuwa naanza leo ningeishia kwenye vioo na kamera, hiyo hela ningeweka tairi.

Nguzo ya mbele watu hawaizungumzii kabisa, na ndo inayonipa wasiwasi kwenye makutano. Macho yako mawili yana nafasi kama sentimita sita na nusu kati yao, nguzo ikiwa nyembamba kuliko hapo jicho moja likizibwa lingine linapenya. Hizi za sasa ni pana kuliko hapo, na ya Z imelala inakuja mpaka usoni. Ukifika kipilefti boda inatoka kulia kwa mwendo ule ule unaozunguka nao wewe, inabaki nyuma ya nguzo safari yote mpaka mnakutana. Sogeza kichwa. Sogea mbele kwenye usukani, rudi, ndo uingie. Utaonekana unacheza taarabu peke yako ila utaona kilichojificha.

Halafu tinti. Jamani. Gari ina upenyo wa kioo cha nyuma, mtu ananunua anakwenda moja kwa moja kuweka nyeusi tii pande zote kwa sababu inapendeza na kwa sababu jua. Umechukua kidogo ulichopewa umekizima. Vile vioo vya pembeni ulivyovirekebisha vyote unavitazama kupitia dirisha la mlango, ukiliweka giza usiku na mvua huoni kitu humo, unaishia kushusha dirisha unaloa. Ukitaka kupunguza joto zipo karatasi nyepesi zinazozuia joto bila giza, ni ghali, ila ndo za kuweka. Hata kabla ya kununua, ikiwa yadi wameshaiweka tinti dai itolewe au upunguziwe bei, kung'oa karatasi ya kioo cha nyuma ni kazi ya uangalifu kwa sababu zile nyaya nyembamba za kupasha kioo zinang'oka nayo, na mvua za masika ukiwa na watu wawili ndani kioo cha nyuma kinajaa mvuke mara moja. Washa hizo nyaya siku unaikagua, subiri, gusa kioo. Kikibaki baridi, hesabu.

Wanaouliza kuhusu ile ya paa la turubai, Roadster. Paa likiwa limefungwa ni mbaya kuliko yangu, turubai limefunika hata kale kancha ka dirisha. Paa likiwa wazi unaona mpaka Kigamboni. Na Z mpya iliyotoka 2022 inakuja na onyo la blaindispoti kutoka kiwandani, umbo la nyuma ni lile lile, bei yake tuwaachie wenyewe.

Kama umesoma mpaka hapa na unaona hutaki haya mahangaiko, na bado unataka gari ya kuchezea, katafute Toyota 86 ya kuanzia 2012. Nguvu ni ndogo, ndani ni plastiki, siti za nyuma ni za kuwekea mkoba, ila dirisha la pembeni ni la binadamu. Mimi nitabaki na Z yangu na vioo vyangu vya chipsi mayai.